Sakafu ya Kuondokea

Mhunze, Kishapu
6 Julai 2025

Generosa,

Mimi mzima, usinijazie karatasi kwa kuniuliza. Simu usipige tena. Iliangukia kwenye ndoo ya mavi ya ng'ombe nilipokuwa naziba ufa wa jikoni, nikaiosha kwa sabuni vizuri kabisa, na tangu hapo imenuna. Binamu yako Thobias anasema sabuni ndiyo iliyoiua. Sasa yeye alitaka niweke mavi sikioni? Kwa hiyo utaandika, na mimi nitaandika. Barua nampa Sostenes, kondakta wa basi la Shinyanga, naye ana mwenzake kwenye basi la Geita. Afadhali hivi. Kwenye simu ulikuwa unanikata kila nikifika kwenye neno lenyewe.

Nimesikia uliyosema kabla haijanuna. Umepata kazi Zambia, ya kuendesha yale malori ya mgodini ambayo tairi lake limezidi nyumba yangu, na unataka nije Geita nikae na mwanao mwaka mzima. Nimesema nakuja. Nikisema nakuja huwa nakuja. Lakini ukaongeza, "Bibi, funga mlango tu upande basi," kama vile hapa ni kibanda cha vocha. Nyumba haifungwi hivyo. Viazi bado viko ardhini. Kihenge kimepasuka upande wa chini, panya wanaingia wakiwa wamesimama. Kuna mtama wa kupepeta, kuku wa kugawa, magunia ya kushona, na kile kibuyu cha kusukia maziwa cha mama yangu, ambacho siwezi kukiacha kinanuka halafu nije nikae mjini kama mtu mwenye akili.

Nitakuja nikimaliza. Na huyo mtoto, hilo jina lenu la Goodness limenishinda, mimi namwita Gudi. Mwambie asiogope. Bibi yake hajawahi kula mtu.

Lukresia, bibi yako


Geita
13 Julai 2025

Bibi shikamoo,

Barua imefika, imebeba vumbi la nusu ya mkoa, lakini imefika.

Naomba tuelewane kuhusu tarehe. Wale wa Zambia wananitaka niwe nimeripoti tarehe mosi Septemba. Nisipofika, nafasi anapewa mwingine. Wameliandika hilo, hawakulinong'ona. Hapa kazini nimeshaaga, mwisho wa Agosti nakabidhi lori. Goodness siwezi kumpeleka, kambi ya mgodi haipokei watoto. Baba yake yuko Chato na mke mpya na mtumbwi mpya. Nilimpigia, akasema atanipigia. Mama yangu angekuwepo nisingekusumbua. Sina mtu mwingine, Bibi. Ni wewe.

Kwa hiyo nakuomba uwe hapa mwisho wa mwezi huu, ili mtoto akuzoee mimi nikiwa bado nipo. Viazi achana navyo. Michembe ya viazi inauzwa hapa sokoni, imeshakatwa, imeshakauka, ni kuchemsha tu. Mtama upo. Maziwa yako kwenye pakiti. Mimi nimeshajifunga tayari, nyumba nzima iko kwenye maboksi ili ukija uipange utakavyo, tunakula kwa sahani moja iliyobaki nje. Naenda zamu, narudi, nakaa juu ya boksi nakusubiri.

Mjukuu wako,
Generosa


Mhunze
22 Julai 2025

Generosa,

Marahaba.

Michembe ya sokoni. Umeniandikia mimi maneno hayo kwa mkono wako. Ile wanaianika pembeni mwa lami, mbuzi anapita juu, pikipiki inapita juu, na ukiiweka mdomoni unatafuna barabara. Ya kwangu iko kwenye kichanja, imetandazwa kama watu waliozaliwa vizuri.

Sasa nikuambie kitu, na usicheke. Kukata viazi sijawahi kupenda. Nimekata tangu nikiwa kama huyo Gudi, na kila mwaka nilikata huku nalaani aliyevileta duniani. Mwaka huu, kwa kujua kwamba mwakani sitakuwa hapa, kisu kimekuwa kitamu. Nakata vyembamba mpaka unaona jua upande wa pili. Jirani yangu Mama Mayala alipita akauliza mgeni amefika lini, kwa kuwa alisikia naongea na mtu. Nilikuwa naongea na viazi.

Ufagio nao hivyo hivyo. Nafagia uwanja asubuhi, nikimaliza natafuta sababu ya kurudia. Kuku wakiuchafua nawatukana kwa moyo mweupe. Kihenge nimekiziba kwa udongo wa kichuguu, halafu nikakaa mbele yake kama mtu anayetazama harusi. Kibuyu nimekisukasuka kwa maji ya moto na changarawe, nikakifukiza moshi, na kimerudia harufu aliyokuwa nayo mama yangu mikononi. Mimi, Lukresia, niliyekuwa nawapiga wanangu ili wanisaidie kazi hizi, leo akija mtu kunisaidia namwambia akae.

Wewe umekaa juu ya boksi. Hapo ndipo ulipokosea. Mtu hafungi nyumba yake halafu akaikalia juu kama kuku anayeatamia mawe. Toa hivyo vyombo. Pika. Fua. Mshonee mtoto vifungo, maana nakujua, sare yake haina vifungo.

Mwisho wa mwezi sifiki. Mtama bado, na sakafu ndiyo ya mwisho, na siku hizi magoti yangu yakiinama hayainuki bila matusi. Nitafika katikati ya Agosti. Huyo Zambia kama ana haraka aanze kuchimba bila wewe.

Lukresia


Geita
7 Agosti 2025

Bibi shikamoo,

Barua hii anayo Thobias, nimemwambia akupe mkononi. Usimgombeze yeye, nimemtuma mimi.

Mimi nakuandikia kwamba nafasi inapotea, wewe unaniandikia kwamba kisu kimekuwa kitamu. Kazini wameshaanza kumfundisha mtu mwingine lori langu, nakaa kiti cha pembeni namwangalia akilikwaruza. Goodness kila jioni ananiuliza bibi amepanda basi gani. Nilianza na jibu la Shinyanga, nikaja la Mwanza, jana nikamwambia basi limeharibika. Sina basi lingine, Bibi.

Basi nimeamua. Thobias atakuja na pikapu Jumapili. Wewe ukiwa misani ataita kina mama wa hapo, wapepete mtama, wafunge magunia, wasiribe sakafu. Magoti yako siyo ya kazi ile tena. Ukirudi utakuta kila kitu kimekwisha, wewe unapanda gari tu.

Usione ni dharau. Kuna siku naikumbuka, nilikuwa mdogo sana. Walikuja kina mama wengi wakasiriba nyumba yetu yote, ndani na barazani, na wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka umejifunga khanga, hufanyi kazi yoyote. Sijawahi kukuona umekaa hivyo tena. Kulikuwa na harufu ya sakafu mbichi, watoto wengi wa kucheza nao, chakula kila mahali. Nikiulizwa siku nzuri ya utotoni mwangu, naisema hiyo. Nilitaka upumzike tena kama siku ile.

Generosa


Mhunze
10 Agosti 2025

Generosa,

Siji.

Nimeona nianze na hilo ili usihangaike kulitafuta huko chini.

Nimetoka misani. Nikiwa bado barabarani naona uwanja wangu umejaa wanawake, wengine wananawa mikono kwenye beseni langu, na mlango uko wazi. Unajua nilifikiri nini? Nilijiuliza nani amekufa. Nikawapitia watu wangu wote kichwani, nikaanza na wewe na hayo malori yako. Mama Mayala alikuwa anacheka na wenzake, aliponiona akaacha, akasimama na mikono imejaa mavi, akasema, "Dada, tuliambiwa umeruhusu." Thobias alikuwa kwenye kivuli cha pikapu anatafuna muwa. Akanipa barua yako. Nimeisoma nimesimama, wote wananitazama, na hakuna aliyethubutu kuingiza mguu wala kutoa.

Sasa nikueleze, maana inaonekana nilikulea nikasahau kukueleza. Hapa kwetu majirani hawamsiribii mtu mwenye mikono yake. Wanamsiribia mfiwa, wakitoka makaburini, kwa kuwa siku hiyo yeye hashiki kazi. Anayesafiri anasiriba mwenyewe. Anaanzia kona ya ndani kabisa, ameinama, anarudi nyuma mkono baada ya mkono, mpaka anafika kizingitini na kutoka kwa makalio. Hapo anafunga mlango, na hapakanyagwi mpaka arudi. Akirudi anakuta mkono wake mwenyewe umemlindia nyumba. Ndivyo alivyoondoka mama yangu alipokwenda kuuguza Bukombe, na ndivyo nilivyotaka kuondoka mimi. Zile kazi zote ulizokuwa unazigombeza zilikuwa njia ya kufika kwenye hiyo sakafu. Sikukwambia kwa sababu sikuona kama ni jambo la kuambiwa.

Na hiyo siku yako nzuri ndiyo siku tuliyomzika mama yako. Mwanangu Eunice alikuwa kaburini tangu mchana. Sikuwa napumzika, Generosa. Nilinyang'anywa ndoo. Nilitaka kusiriba chumba chake mwenyewe, wakaniondoa kwa nguvu wakanikalisha kwenye mkeka ule. Wewe ulikuwa unakimbia na watoto umeshika mnofu wa nyama, na mtu mmoja akataka kukunyamazisha, nikasema mwacheni acheze. Hilo sijutii. Lakini sikujua kwamba umeiokota siku ile ukaenda nayo hivyo mpaka leo.

Halafu huyo Thobias wako, akitaka kunituliza, akasema nisichukie sana, kwani kwa miaka miwili sakafu yoyote itapasuka tu. Nikamuuliza miaka miwili ipi. Akaanza kuutazama muwa. Uliniambia mwaka. Nimekata michembe ya mwaka. Nimeziba kihenge cha mwaka. Hata kuku nimewaweka kwa mjinga anayefaa kwa mwaka mmoja. Ingekuwa miwili ningetafuta mtu mwenye akili. Nadhani ulisema, huyu mzee akisikia miwili atakataa. Pengine ningekataa. Sasa umepata kukataliwa kwa mwaka na kwa miwili.

Thobias nimemrudisha na pikapu tupu, isipokuwa gunia moja la michembe ya Gudi, ambaye hana kosa.

Usiku huu nalala jikoni. Kwenye hiyo sakafu sikanyagi.

Lukresia


Geita
14 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Sikujua. Nilikuwa na miaka minne na huo mnofu naukumbuka kweli. Barua yako nimeisoma kwenye kiti cha lori, nikasahau kuondoka mpaka wakaniita kwenye redio kwamba nimefunga njia.

Miaka miwili ni kweli. Nilishindwa kuitamka kwa sababu ya umri wako, na nikiitamka ilikuwa inageuka kitu kingine mdomoni. Mwaka ulikuwa unatamkika. Basi ndiyo hiyo, nimeiandika.

Sikuombi uje. Nimechukua likizo, Jumamosi napanda basi na Goodness tunakuja huko. Ile sakafu nitaikwangua yote kwa jembe mpaka chini. Udongo nitachimba mimi, mavi nitabeba mimi kutoka zizi la kina Mayala, kwa kichwa, watu wanione. Wewe utasiriba. Magoti yakigoma nitakuwa pembeni yako, na sitagusa mpaka uniambie gusa. Tukimaliza, ukisema unabaki, unabaki. Nitawaambia Zambia watafute dereva mwingine, na sitakulaumu wala kukukumbusha.

Vyombo nimevitoa kwenye maboksi. Vifungo nimeshona, ni kweli havikuwepo. Jana nimefua mapazia. Sijui kwa nini nimefua mapazia ya nyumba ninayoihama, lakini nimeyafua, nikayaanika uwanjani, na Goodness akawa anapita chini yake yakiwa yanadondosha maji, anarudi, anapita tena, analowa kichwa anacheka. Ningekuwa mimi wa wiki iliyopita ningemfokea. Nilikaa chini nikamtazama mpaka yakakauka.

Michembe ameionja. Amesema ni mbao. Nimeona ujue mapema.

Generosa


Geita
7 Septemba 2025

Mke mwenzangu,

Nimesikia kwamba umefika na kwamba lori ulilopewa ni kubwa kuliko la hapa. Hongera, na ushuke nalo taratibu. Simu uliyoniachia iko juu ya kabati, mbali na ndoo zote, lakini haya ya leo sitaki yakatike katikati. Nampa karatasi hii yule mwenzako anayekuja huko na kundi la pili.

Nyumba yako inanichosha. Jiko lako la gesi linawaka kwa mlio wa nyoka. Maji yanatoka ukutani yenyewe, sina pa kwenda kuchota, kwa hiyo sina pa kusikia habari. Wakilipua huko mgodini vikombe vinagongana kabatini. Siku ya kwanza nilitoka nje na fimbo, na jirani yako akanicheka mpaka akakaa chini. Huyo jirani nimeshamfundisha kupepeta mchele, alikuwa anatawanya kama anapanda. Gudi bado anasema michembe ni mbao. Lakini jana nilipofua sare yake nilikuta vipande mfukoni, vimeng'atwa. Sijamuuliza, usimuulize na wewe.

Thobias amepita Mhunze. Nilimwambia achungulie dirishani tu, na akithubutu kufungua mlango nitajua. Anasema sakafu imekauka vizuri, mikono yangu inaonekana yote tangu kona ya ndani. Ile sehemu uliyosiriba wewe, magoti yangu yalipogoma, ina makorongo kama barabara ya kwenda Kishapu. Na karibu na kizingiti kuna unyayo wa mtoto. Nilimwona alipokanyaga. Ulitaka kuusawazisha, nikakupiga kofi mkononi, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Naye alikuwa anaondoka.

Ile siku tunatoka kwa makalio, mimi huku na wewe kule, Mama Mayala anatucheka pale uwanjani, niliamua nakuja, na sikukwambia mpaka tumenawa. Nilitaka uhangaike kidogo. Ulistahili.

Sasa nakuja kwenye kosa lako.

Asubuhi uliyoondoka ulinituma dukani na Gudi tukanunue chumvi. Chumvi ilikuwepo, nimeiona, mkebe umejaa. Tuliporudi ulikuwa nje umekaa juu ya begi, gari linapiga honi, na mlango wa chumba chako umefungwa. Nikasema huyu amekwenda kulia peke yake, mwache. Sikufungua. Juzi ndiyo nimefungua, nilikuwa natafuta shuka.

Sakafu yako ni ya saruji, na saruji haishiki mkono kama udongo. Lakini sabuni imeshika. Povu limekauka na kuacha alama za tambara, zimepinda upinde baada ya upinde, zinaanzia chini ya dirisha, zinarudi nyuma, zinapita pembeni mwa kitanda, mpaka mlangoni. Na hapo kizingitini kuna mviringo wa goti lako.

Hukukamua tambara. Nilikufundisha kukamua tambara ukiwa bado na meno ya utoto, na mpaka unavuka mpaka wa nchi hujui kukamua tambara. Chumba kizima kina utando mweupe. Mtu akichungulia atasema hapa anakaa mvivu, na mvivu huyo atakuwa mimi, kwa kuwa wewe hupo. Nimesimama hapo mlangoni nakutukana kwa muda mrefu, kwa Kisukuma, ili jirani, ambaye si wa huku, asielewe.

Gudi akaja na ndoo yake. Siku hizi anapenda kudeki, anajimwagia nusu na sakafu inapata nusu. Akataka kuanzia humo. Nikamwambia akadeki jikoni. Akauliza chumba cha mama atadeki nani.

Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Mwenyewe."

Lukresia, bibi yako